Wahunzi wa Kajiado: Waliofua mikuki ya morani wakanyimwa heshima yake

MSAFIRI anayetoka Nairobi kuelekea Namanga hupita katikati ya mji wa Kitengela, na mara nyingi husikia mlio wa nyundo kabla ya kuwaona wapigaji wenyewe. Kando ya barabara hiyo, mafundi wa jua kali hukata, hukunja na kuchomelea vyuma kutwa nzima: malango, madirisha, vitanda na majiko ya makaa. Akisonga kusini zaidi kuelekea Kajiado mjini, mlio huo hupungua lakini haukomi. Katika kaunti hiyo kungali na familia ambazo uhunzi si biashara ya juzi, bali ni urithi. Wao hufua mikuki, sime, njuga na mapambo ya shaba nyumbani kwao, kama walivyofua baba na babu zao.

Wamaasai huwaita watu hao Ilkunono. Mmoja wao ni Olkunoni. Pasipo wao, morani hangekuwa na mkuki wa kulindia ng'ombe wala sime ya kuning'iniza kiunoni. Hata wembe wa jando, ormurunya, ambao humvusha mvulana kutoka utotoni hadi utu uzima, kwa desturi ulitoka mkononi mwa mhunzi. Ajabu ni kwamba mkono huo huo ulikwepwa. Jamii ilikitaka chuma, lakini haikumtaka aliyekifua awe mkwe wake.

Kisa hicho cha kuhitajiwa na kutengwa kwa wakati mmoja ndicho kinachoeleza historia ya silaha na zana za kujikinga za Wamaasai, na pia kinachotia shaka mustakabali wa ufundi wenyewe.

Kinga isiyokuwa ya chuma

Lugha ya Kiswahili haina uhaba wa maneno ya mavazi ya vita. Deraya ni vazi lililosukwa kwa pete za chuma, dirii ni kinga ya kifua, na chapeo ni kofia ya chuma. Mawili ya kwanza yana asili ya Kiarabu na la tatu lilitokana na Kireno, jambo linaloonyesha kwamba vitu hivyo vilijulikana kwanza pwani, mahali ambapo wageni wa baharini walitia nanga. Wasomaji wengi wa bara wameyakuta maneno haya katika Biblia ya Kiswahili tu. Huko Sudan, baadhi ya wapanda farasi walikuwa wangali wakivaa deraya hadi mwishoni mwa karne ya 19, lakini katika mbuga za Kajiado vazi hilo halikupata nafasi.

Sababu si ukosefu wa ufundi. Deraya ya kufunika kiwiliwili huwa na uzito wa kilo 10 au zaidi. Morani hakupanda farasi. Alitembea na kukimbia kwa miguu, pengine siku kadhaa mfululizo, juani na penye maji haba. Kumvika chuma mtu wa aina hiyo ni kumshinda kabla adui hajamfikia. Kwa hivyo Wamaasai waligawanya kazi: ngozi ilikinga, chuma kilishambulia.

Ngao yao, inayoitwa elongo, ilitengenezwa hasa kwa ngozi ya nyati, ambayo ni nene na ngumu. Mara nyingi ngozi hizo zilitoka kwa wawindaji walioitwa Iltorrobo, yaani Wadorobo, kundi jingine lililodharauliwa kwa sababu halikuishi kwa ng'ombe. Ngozi ililoweshwa, ikakatwa kwa umbo la yai, ikakaushwa huku ikivutwa hadi ikabenuka. Ukingo wake ulizungushiwa kijiti na kushonwa kwa kamba za ngozi, na nyuma pakashikizwa mti wa kukamatia. Ngao iliyotengenezwa vyema ilizuia mshale na kuteleza ncha ya mkuki, na bado mtu aliweza kukimbia nayo.

Kwa maneno mengine, morani aliyesimama tayari kwa vita alikuwa amebeba kazi ya watu wawili ambao yeye mwenyewe hangeketi nao kama watu wa hadhi sawa: ngao kutoka kwa mwindaji, mkuki kutoka kwa mhunzi.

Kutoka mchanga hadi mkuki

Kabla ya bidhaa za viwandani kufika, wahunzi walipata chuma kutoka mchanga mweusi wenye madini uliokusanywa kwenye vijito. Mchanga huo ulichomwa kwa makaa katika tanuri la udongo. Pumzi ya tanuri ilitoka kwenye mivukuto, nayo ilikuwa viriba viwili vya ngozi ya mbuzi vilivyobanwa kwa zamu ili upepo usikatike, huku hewa ikiingia motoni kupitia mrija wa udongo. Kilichopatikana hakikuwa chuma kilichoyeyuka kama uji, bali bonge lenye matundu na takataka, ambalo lilipigwa na kupashwa moto tena na tena hadi likawa safi.

Katika karne ya 19, misafara ya biashara kutoka pwani ilileta njia ya mkato. Sengenge, yaani waya wa chuma, pamoja na masango ya shaba, ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotakiwa sana Umaasaini. Msafiri Mwingereza Joseph Thomson, aliyepita katika nchi hiyo kati ya 1883 na 1884, alilazimika kubeba mizigo ya sengenge, shanga na nguo ili aruhusiwe kupita. Mhunzi alichukua waya huo, akaukusanya kitita, akaupasha moto na kuufua uwe kitu kimoja. Tanuri la mchanga likaanza kupoa.

Chuma kilipozidi kupatikana, umbo la silaha nalo lilibadilika. Mikuki ya zamani ilikuwa na majani mafupi. Ile iliyopigwa picha mwanzoni mwa karne ya 20 ina majani membamba na marefu kupindukia, na nyuma yake ncha nyingine ndefu ya kusimika ardhini, hata mti uliobaki katikati ukawa wa kushika kwa kiganja tu.

Siku hizi malighafi ni gari bovu. Nondo ya ujenzi haifai kwa kazi hii kwa kuwa ni laini. Hupinda na haishiki makali. Springi ya lori, kinyume chake, ina kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, kiasi kinachotosha kuufanya uwembe udumu bila kuvunjika. Tupa iliyochakaa ina kaboni nyingi zaidi, hivyo hutoa makali mazuri lakini huvunjika upesi ikiwa fundi hana uangalifu.

Kipande hukatwa kwa patasi, kikafunikwa makaa, na mivukuto ikaanza kuvuma. Mhunzi hana kipimajoto. Jicho lake ndilo kipimo. Chuma kilicho chekundu tu hakijaiva. Kikifikia rangi ya chungwa kinaikubali nyundo. Kikianza kurusha cheche nyeupe kinaungua, na kipande hicho kimeharibika. Juu ya fuawe, jani hurefushwa kwa mapigo yanayoanzia shinani kuelekea nchani, huku mgongo ukiachwa katikati ili lisipinde. Shina nalo hutandazwa na kukunjwa kama mrija, ili mti uingie humo.

Kisha huja hatua ambayo humtofautisha fundi na mwanafunzi. Jani hupashwa moto kwa mara ya mwisho na kuzamishwa ghafla katika mafuta au maji. Linapotoka huwa gumu, lakini ni rahisi kuvunjika kama chupa. Fundi hulisugua ling'ae, halafu hulirudisha karibu na moto polepole akitazama rangi zinazotambaa juu yake: kwanza ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau na buluu. Kwa sime ya kukatia, huliondoa mapema. Kwa kifaa cha kupokea kishindo, huingoja buluu. Akikosea kwa muda mfupi tu, kazi ya siku nzima hupotea.

Mafuta kabla ya mkono

Mtu angedhani kwamba maarifa kama hayo yangempa mhunzi kiti cha mbele barazani. Haikuwa hivyo. Mwanajeshi Mjerumani Moritz Merker, aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wamaasai mwaka wa 1904, alieleza imani kwamba Mungu, Enkai, alikataza kumwaga damu, na kwamba wahunzi walionekana kuwa najisi kwa kuwa vyombo wanavyofua huwashawishi watu kuimwaga. Mtu aliyenunua chombo kwa Olkunoni hakukishika hivi hivi. Alipaka mafuta kwanza ili kuondoa unajisi, ndipo kikawa chake.

Boma la wahunzi lilitengwa na maboma ya wengine. Kuoana nao kulikatazwa, na hivyo Ilkunono wakaoana wao kwa wao. Hawakuhesabiwa kuwa wafugaji kamili hata walipokuwa na ng'ombe. Wakati huo huo waliogopwa, kwani laana ya mhunzi ilisadikiwa kuwa kali. Watu walimdharau mchana na kumwogopa usiku.

Jambo la kuzingatia ni kuwa dharau hiyo haikutokana na ubovu wa kazi. Ufugaji ulichukuliwa kuwa ndio maisha yanayostahili mtu, na yeyote aliyeishi kwa kuwinda, kulima au kufua alihesabika kuwa amepungukiwa. Hata hivyo mfugaji huyo hangeweza kumtia ng'ombe chapa bila chuma cha mhunzi, wala kumtoa ng'ombe damu ya kunywa bila kijishale alichofua mhunzi yule yule.

Pambo lenye maana

Silaha ya morani haikukamilika kwa makali pekee. Ilipambwa, na kila pambo lilikuwa na ujumbe.

Ngao ilichorwa alama ziitwazo sirata, kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Nyekundu ilitokana na udongo, nyeupe na chokaa au udongo mweupe, na nyeusi na masizi au makaa. Michoro hiyo ilionyesha rika la mwenye ngao na sehemu ya nchi anakotoka, hivyo mtu aliweza kumtambua rafiki au adui kwa mbali. Zilikuwapo pia alama za ushujaa ambazo hazikuchorwa ovyo. Aliyejipachika sifa asiyoistahili aliadhibiwa na wenzake.

Mkuki haukuchorwa. Pambo lake lilikuwa mng'ao wa chuma kilichosuguliwa. Wakati wa amani, ncha yake ilivikwa kishada cha manyoya meusi ya mbuni, ishara kuwa mwenye mkuki hakuja kwa shari. Sime, iitwayo olalem, ilitiwa ndani ya ala ya ngozi iliyopakwa rangi nyekundu, rangi ambayo ingali inaonekana kwenye ala zinazouzwa sokoni.

Mwilini, morani alifunga njuga ya chuma pajani, ikalia kila alipopiga hatua. Wanawake nao walivaa masango yaliyozungushwa mikononi na miguuni, na wale walioolewa walijulikana kwa surutia, mapambo ya shaba yaliyoviringishwa mfano wa konokono. Haya yote yalihitaji chuma au shaba, na mara nyingi yalipitia mikononi mwa mhunzi au mkewe. Ngozi iliukinga mwili dhidi ya mshale. Madini yaliyovaliwa yalitangaza mvaaji ni nani.

Vita vilipokwisha

Mapatano ya 1904 na 1911 kati ya Wamaasai na serikali ya Uingereza yaliwaondoa katika malisho yao mengi na kuwasukuma katika eneo la kusini, ambalo sehemu yake ni Kajiado ya leo. Katika miaka ya mwanzo ya 1920, watawala walijaribu kuvunja manyatta za morani na kuwanyang'anya mikuki na ngao, hatua iliyochangia ghasia za Narok mwaka wa 1922. Vita vya ng'ombe vilipozimwa, mteja mkuu wa mhunzi alitoweka polepole.

Silaha hizo zilirudi kwa sura nyingine. Bendera ya Kenya ilipopandishwa Desemba 12, 1963, katikati yake palikuwa na ngao ya Kimaasai na mikuki miwili iliyopishana, ikiwa ishara ya kulinda uhuru. Hivyo kila mtoto wa shule anayechora bendera huchora kazi ya mwindaji na mhunzi, ingawa ni wachache wanaoambiwa hivyo darasani.

Ngao halisi nayo imeadimika. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inamtoza adhabu kali anayepatikana na sehemu za mwili wa mnyama wa porini bila kibali. Kwa sababu hiyo ngao zinazotengenezwa sasa kwa ajili ya sherehe, michezo ya kuigiza na watalii ni za ngozi ya ng'ombe. Anayependa kujifunza ufundi huu hana haja ya ngozi ya nyati, wala hana ruhusa nayo.

Mkuki, nao, umepunguziwa kazi. Juni 2012, wakazi wa viungani mwa Kitengela waliwaua simba sita waliokuwa wameua mifugo, tukio lililozua mjadala nchi nzima. Desemba mwaka huo huo, huko Kimana, kusini mwa Kajiado, yalifanyika mashindano ya kwanza ya michezo ya Wamaasai, ambapo vijana walishindana kurusha mkuki na rungu badala ya kuwinda simba. Kijana Richard Turere, wa eneo hilo hilo la Kitengela, alikuwa amebuni taa za kumetameta za kuwafukuza simba wasikaribie zizi, na mwaka wa 2013 habari zake zikaenea duniani. Kazi ambayo zamani ilimngoja morani na mkuki wake usiku kucha sasa inaweza kufanywa na balbu.

Tahadhari kwa anayefua nyumbani

Ardhi ya Kitengela iliyokuwa ranchi ya pamoja iligawanywa mwaka wa 1988, na tangu hapo viwanja na nyumba vimechukua nafasi ya malisho. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika kaunti nzima ya Kajiado. Karakana zilizo nyumbani sasa zimezungukwa na majirani, na hilo linataka uangalifu.

Kwanza, mabati na mabomba yaliyopakwa zinki hayafai kutiwa motoni. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa, kichefuchefu na maumivu ya kifua. Pili, springi isikatwe ingali imebanwa kwenye gari, kwa sababu inaweza kufyatuka. Tatu, makaa yasiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua. Nne, anayezamisha chuma katika mafuta awe na mchanga karibu, si maji, ili auzime moto ukizuka. Miwani ya kukinga macho si anasa.

Aidha, sheria ya Kenya hairuhusu mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali. Sime ya kuchungia au ya sherehe hueleweka malishoni. Kwenye umati wa mjini ni jambo jingine.

Nani atarithi nyundo?

Mwaka wa 2018, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliziweka Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe tatu za rika za wanaume wa Kimaasai, katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Miaka miwili awali, Kenya ilikuwa imetunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Katiba ya 2010 nayo inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya kuzaliwa au asili yake.

Lakini sherehe haiwezi kulindwa huku aliyefua vifaa vyake akiachwa nje ya boma. Morani wa Eunoto bila mkuki ni mtu aliyevaa shuka tu. Iwapo kijana wa ukoo wa wahunzi ataona aibu kutaja kazi ya babake, atakwenda Kitengela kuchomelea malango, kazi ambayo haimuulizi mtu ukoo wake, na hakuna wa kumlaumu. Atakachokiacha nyuma ni ujuzi wa rangi za moto, ambao haukuandikwa kitabuni na hauwezi kusomwa kwenye mkuki uliotundikwa ukutani mwa hoteli.

Wahenga walisema kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake ni kuwa urithi wa kazi hauishi kwa mkupuo mmoja. Asiyeweza kushika nyundo hushika mivukuto, na moto huendelea kuwaka. Kwa Ilkunono wa Kajiado, methali hiyo ina sharti moja zaidi: mwana huyo sharti aweze kukaa karibu na moto wa babake bila kuona haya.